Mama Elibariki Alipotembezwa Guangzhou

Msemaji wa familia alisimama karibu na jeneza, akavaa miwani yake, akaanza kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma kwamba Mama Elibariki alizaliwa Machame, akabatizwa na kuolewa huko huko, akaimba kwaya ya kina mama mpaka miguu ilipomkatalia kusimama. Alisoma kwamba enzi za uhai wake alibahatika kusafiri hadi China kwa mwaliko wa mwanawe mkubwa, akatembezwa jiji la Guangzhou, akafurahi sana. Kisha akageuza karatasi. "Marehemu ameacha watoto wawili, Elibariki na Godlisten. Godlisten yupo China kikazi, ameshindwa kufika kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake." Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa huruma, kama watu wanavyofanya wakisikia mtoto wa fulani amekwama ughaibuni. Mimi nilikuwa nimekaa turubai la nyuma kabisa, kati ya wanawake wa jumuiya ambao hawakunijua. Nilimtazama Elibariki. Amenenepa, nywele zimeingia mvi, siku hizi ni mzee wa kanisa. Alikuwa amekaza macho kwenye udongo uliochimbuliwa, na mikono ameifumbata mbele, ametulia kabisa. Msemaji aliposoma jina la mdogo wake, hata kope hakupepesa.

Mimi ndiye niliyemtembeza mama yake. Nilianza safari ya kurudi Iringa siku ile ile baada ya mazishi, sikungoja chakula, na tangu hapo mwaka ule wa Guangzhou umenirudia mzima mzima, na vyumba vyake na harufu zake, kiasi kwamba nikisimama mbele ya wanafunzi wangu kuwafundisha Kichina, na mmoja akiniuliza, "Mwalimu, Guangzhou ni mji mzuri?" hujikuta nimekaa kimya muda mrefu kuliko swali linavyostahili. Ni mji mzuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Habari za kwetu na wazazi wangu nitaziacha, hazihusiki. Itoshe kujua kwamba nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nimemaliza kozi ya Kichina huko Guangzhou, na sikutaka kurudi nyumbani. Siku moja katika duka la dawa nilimkuta mwanamke wa Kitanzania akimweleza muuzaji kwa ishara kwamba anaumwa tumbo, na muuzaji anadhani ana mimba. Nikamsaidia. Yule mwanamke alikuwa mgeni wa Da Mwanaidi, na jioni hiyo Da Mwanaidi mwenyewe alinitafuta. Alikuwa mtu wa Ilala, mnene wa wastani, mwenye sauti ya taratibu inayokufanya uinamishe kichwa ili umsikie. Alipangisha fleti kubwa katika jengo refu nyuma ya mtaa wa Dengfeng, na humo aliwapokea wafanyabiashara kutoka Dar, Unguja, Mwanza na Moshi: aliwalaza, aliwalisha, aliwapeleka sokoni, akawasafirishia mizigo. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe una ulimi wao. Njoo ukae na mimi. Kibali chako cha kuishi nitakishughulikia kwa jina la kampuni yangu." Nikahamia kwake siku ya pili yake, na kwa miezi kadhaa nilimpenda kama dada wa tumbo moja.

Nyumba ile naiona hata sasa. Sebule ilijaa marobota ya nguo mpaka dirishani, tukawa tunakula tumekaa juu ya nguo za watoto ambazo bado hazijafungwa. Vyumba vilikuwa na vitanda vya juu na chini. Kwenye kibaraza kanga zetu zilianikwa ubavuni mwa bata waliokaushwa wa jirani, na siku ya upepo kanga zilirudi ndani zikinukia mchuzi. Unga wa ugali tuliupata duka la Mnigeria pale chini. Mboga tulinunua zile za mashina matupu kama mrija, Da Mwanaidi akaziunga kwa karanga, ukila ukiwa umefumba macho unaweza kujidanganya uko nyumbani. Ijumaa kulikuwa na pilau, Jumapili sisi Wakristo tulirudi kutoka kanisani tukamkuta ametutengea chai ya tangawizi na maandazi. Hakutofautisha mtu. Mgeni akiugua alimkanda kwa mkono wake. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila haya yaliyofuata yangekuwa mepesi.

Wafanyabiashara walitumia siku zao nyingi kwenye masoko ya Zhanxi na Guangyuan Xilu, wakibishana na wenye maduka mpaka sauti zinakauka. Lakini wakishafunga mizigo, zilibaki siku mbili tatu kabla ya ndege, na Da Mwanaidi alikuwa amegundua kwamba watu wanapenda kurudi nyumbani na picha. Kazi yangu ikawa hiyo: kuwatembeza. Niliwapeleka bustani ya Yuexiu kwenye sanamu ya mbuzi watano, nikawasimulia jinsi wahenga wa mji wanavyosema kwamba zamani kulikuwa na njaa, wakashuka watu wa mbinguni juu ya mbuzi, kila mbuzi na suke la mpunga mdomoni, na mbuzi wale wakageuka mawe. Niliwapeleka kwenye jumba la ukoo wa Chen, ambako mapaa yamejaa sanamu ndogo ndogo za watu na ndege, wakashangaa kwamba ukoo unaweza kujijengea jumba kama lile kwa ajili ya kuwakumbuka mababu na kuwasomesha wajukuu. Niliwapeleka Shamian wakatembea chini ya miti mikubwa mbele ya majumba ya wageni wa zamani. Niliwafundisha kusuuza bakuli na vijiti kwa chai ya moto kabla ya kula, na kuacha mfuniko wa birika upande ili mhudumu ajue maji yameisha. Niliwaonjesha chai ya mitishamba inayouzwa barabarani, nyeusi na chungu kama shubiri, nikacheka wanapokunja nyuso. Nilikuwa najiona mtu mwenye bahati. Mji ule nilikuwa nauonyesha kama mtu anayeonyesha nyumba yake.

Mama Elibariki alikuja wakati wa joto kali, mwezi ambao mvua hunyesha mchana kwa ghafla na kuacha lami inafuka moshi. Mwanawe Elibariki alikuwa mteja wa Da Mwanaidi wa miaka mingi. Viatu vyake vilijaza maduka Moshi na Arusha. Alimleta mama kutoka uwanja wa ndege, akamketisha juu ya robota, akaniita pembeni. "Sekela, mama amekuja kupumzika. Na pia anataka kumwona mdogo wangu, Godlisten. Dogo yuko huko kaskazini kwenye kiwanda, mbali, ruhusa hapati kirahisi. Tunamngoja. Wewe mtembeze mama asichoke kusubiri." Nikasema sawa, Kaka Eli. Mama alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa gauni la kitenge na sweta jepesi juu yake licha ya joto. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Mama," alinishika mkono akaubakiza mkononi mwake. "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayejua maneno ya watu hawa?" Nikamjibu ndiyo. "Vizuri," akasema. "Basi nitakusumbua."

Hakunisumbua hata kidogo. Alitembea polepole, akauliza maswali kuliko mgeni yeyote niliyewahi kumtembeza. Bustanini alisimama muda mrefu kuwatazama wazee wanaoandika kwa maji juu ya sakafu ya mawe, kwa brashi ndefu kama fagio, maneno yanakauka wakiwa hawajamaliza mstari. Akataka kujua wanaandika nini. Nikamuuliza mzee mmoja, akasema ni mashairi ya kale. "Na yakikauka?" Mama aliuliza. Mzee akacheka, akachovya brashi, akaanza upya. Mama alimpigia makofi kidogo. Mbele ya mbuzi wa mawe alikataa kupigwa picha peke yake, akanivuta nisimame naye. Lakini kila tuliporudi Dengfeng, kabla ya kupanda lifti, alitoa ndani ya mkoba picha ya kijana mwenye uso mpana na pengo dogo kati ya meno, akaniomba tuipitishe madukani. Tuliingia kwa kinyozi Mkongo, kwa muuza simu, kwa Mkenya wa chipsi, kwa mama Mhui, Mchina Mwislamu, anayeuza mikate ya bapa. Kinyozi aliitazama picha, akanitazama mimi, akazima mashine. "Mama, keti kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Huyu petit sijamuona. Pardon, Mama." Akamletea soda. Mkenya naye akasema, "Huyu bro simjui, Mathe," huku akimvutia stuli. Mimi nilidhani ni heshima tu kwa mtu mzima. Nilikuwa mgeni kiasi katika mtaa ule. Nilikuja majira ya mvua ndogo za huko, na Dengfeng haiwasimulii wageni habari za wafu wake.

Jioni moja, jua halijazama vizuri, tulikuwa tunatoka kununua matunda tukawakuta watu wamechuchumaa kando ya barabara, wamechora duara kwa chaki na ndani yake wanachoma karatasi. Mwanamke mmoja alikuwa akiwasha shati la karatasi, limekatwa vizuri, na kola na vifungo. Mama akauliza ni nini. Nikamweleza kwamba mwezi huu wanaamini wafu wanatoka kutembea, basi kila familia inawatumia watu wao nguo na mahitaji kwa njia ya moto. Kulikuwa na rundo jingine pembeni, nje ya duara, nalo linawaka. "Na lile je?" Nilimuuliza yule mwanamke. Alinijibu bila kuinua kichwa, na mimi nikatafsiri kama alivyosema: hilo ni la wasio na mtu, waliofia mbali na kwao, wasije wakawanyang'anya wengine. Mama aliweka chini mfuko wa matunda, akatoa embe moja, akaliweka karibu na lile rundo la pembeni. Yule mwanamke wa Kichina alimtazama, akasogea kidogo kumpa nafasi. Halafu Mama akaokota mfuko wake, tukaenda.

Siku iliyofuata tulipanga kwenda jumba la ukoo wa Chen. Tulikuwa tumeshafika chini mawingu yakafunga, nikamwacha Mama kwa kinyozi, nikapanda kufuata mwavuli. Mlango ulikuwa haujafungwa. Nilivua viatu kama kawaida ya nyumba ile, na ndiyo maana hawakunisikia. Elibariki na Da Mwanaidi walikuwa jikoni. Maji yanatiririka kwenye sinki, mchele unaoshwa.

"Atakaa mpaka lini?" Da Mwanaidi aliuliza.

"Mpaka achoke. Viza yake si ya milele. Mtembezeni tu."

"Eli, mama wa watu halali. Anageuka usiku kucha kwenye kitanda kile kile alicholala mtoto wake. Mimi nitajibu nini kwa Mungu?"

"Ungempa kitanda kingine."

"Kimejaa kila kitanda." Maji yakafungwa. "Hospitali walikupigia simu, ukakata. Wakapiga tena, ukasema humjui. Ndugu yako wa damu akakaa kwenye jokofu mpaka serikali ikamchoma kama mtu asiye na kwao."

"Na nani alisema nisiende? Si wewe? Ulisema nikienda kumchukua watauliza alikuwa anaishi wapi bila viza, na nyumba hii itafungwa, na mimi nitafukuzwa nchini. Maneno yako hayo, Mwanaidi. Nilikuwa nimeshavaa viatu, nimesimama pale mlangoni."

Nilisikia Da Mwanaidi anasugua mchele kwa vidole. Baadaye akasema, kwa sauti ile ile ya taratibu niliyoipenda, "Kilikuwa kifua tu. Angekwenda mapema angepona. Aliogopa kuulizwa pasipoti, na sisi tukaogopa naye." Nikachukua mwavuli nikatoka na viatu mkononi. Kwenye lifti nilisimama na mtu aliyebeba tundu la ndege, ndege anaimba, nami nikawa nasoma mfululizo tangazo la kutovuta sigara, kila neno, kama mtu anayejifunza kusoma.

Siku ile nilimtembeza Mama nikiwa kama nimeshika jagi lililojaa mpaka juu. Nilimwonyesha michongo ya mbao, nikaeleza hadithi zake, sauti yangu naisikia kama ya mtu mwingine. Alfajiri ya pili nikampeleka kunywa chai kwenye mkahawa wa wazee, ule ambao asubuhi hujaa familia nzima, bibi hadi kitukuu, na vikapu vya mianzi vinapita vikitoa mvuke. Niliazimia kumwambia pale, kwenye kelele, ambako akilia hakuna atakayemkodolea macho. Nilimmiminia chai. Nilikuwa nimemfundisha kwamba huku mtu akimiminiwa hagongi glasi wala hasemi asante; hugonga meza kwa vidole viwili vilivyokunjwa. Wanasimulia kwamba mfalme mmoja alisafiri akijificha, akamiminia chai mtumishi wake, na mtumishi, kwa kuwa hawezi kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, akavipigisha vidole magoti mezani. Mama aliipenda hadithi hiyo. Akagonga vidole vyake, vigumu, vyenye makovu ya kilimo, akanitazama.

"Tangu jana una neno," alisema. "Usiniambie."

"Mama—"

"Najua. Nilijua kabla sijapanda ndege, ila mtu huwa anajidanganya. Kisha nikafika hapa. Kila niliyemwonyesha picha alinipa kiti, Sekela. Mimi nimezika watu wengi. Mtu asiyemjua mwanao anakuambia simjui, basi, anaendelea na kazi yake. Anayekuletea kiti ni mtu aliyekuja msibani." Alichukua kipande cha keki ya figili akakikata kwa vijiti, vibaya, kikaanguka, akakishika kwa mkono. "Nimepoteza mmoja. Nimekuja kuangalia kama huyu wa pili bado ninaye. Nataka aniambie kwa kinywa chake. Akiniambia, hata kama ana makosa gani, nitamkumbatia, nitarudi naye nyumbani na tutalia pamoja. Sasa wewe ukiniambia, utakuwa umempunguzia kazi. Atalia kwa sababu amekamatwa. Niache nimsubiri."

Familia ya meza ya jirani ilikuwa inagombania kwa furaha nani alipe, wanashikana mikono, babu anacheka. Mama aliwatazama kwa muda, akaomba nimweleze wanasema nini, nami nikamtafsiria neno kwa neno.

Yeye alinizuia nisimwambie. Hakunizuia kuzungumza na mwanawe, na sikumwomba ruhusa. Nilimfuata Elibariki Zhanxi, nikamkuta katikati ya viatu vya kike, wapagazi wanasukuma mikokoteni wakipiga kelele tupishe, mwenye duka anamwambia "meiyou, meiyou," hakuna punguzo tena. Nikamngoja amalize. Nikamwambia, "Kaka Eli, mwambie mama yako." Alielewa papo hapo. Hakuniuliza nimejuaje. Alikaa juu ya boksi, akavua kofia, akajipepea nayo, na kwa dakika moja niliona uso wa mtu aliyechoka kweli.

"Unafikiri mimi nalala?" alisema. "Ana presha. Nikimwambia nitamuua. Ukoo wote utaniuliza mwili uko wapi. Kwetu mtu anazikwa kwenye kihamba chake, kwenye migomba ya baba zake, Sekela, unajua maana yake? Nitawaambia nini, kwamba majivu yake wameyamwaga wapi? Mimi mwenyewe sijui."

"Mwambie hivyo hivyo. Atakusikia."

Kwa sekunde kadhaa nilidhani amekubali. Alikuwa anaichezea kofia. Kisha mwenye duka akamwita, "Laoban, laoban," bosi, bosi, mzigo uko tayari, naye akainuka akavaa kofia. "Wewe kazi yako ni kutembeza," aliniambia. "Tembeza."

Kesho yake asubuhi Da Mwanaidi alinikuta jikoni. Alikuwa anasukuma chapati, unga umempanda hadi kwenye viwiko. Aliniambia bila kunitazama kwamba kibali changu kinaisha mwezi ujao na kampuni haitaweza kukihuisha. "Mdogo wangu, nyumba hii inategemewa na watu wengi. Wewe ni mtoto wa shule, unaona mambo kwa unyoofu. Rudi nyumbani, utapata kazi nzuri na ulimi wako huo." Nikamuuliza kama Elibariki ndiye aliyetaka niondoke. "Ni mimi," alijibu. "Yeye angekuvumilia. Mimi siwezi kukaa nyumba moja na mtu anayeniangalia kama unavyoniangalia sasa." Akanikunjia chapati ya moto ndani ya karatasi, akanipa. Nilikuwa na njaa, nikaila pale pale, huku machozi yananitoka, na mpaka leo hakuna chakula kinachonitia aibu kama kile.

Zilibaki siku chache kabla ya Mama kuondoka, na Da Mwanaidi aliniacha nilale pale mpaka hapo. Nilimwambia nimeacha kazi. Sikumwambia kwa nini. Akasema, "Basi nitembeze kama rafiki." Tukapanda boti ya mto Zhu mchana, tukaona mnara mrefu uliobana kiuno kama mwanamke. Kila jioni tulimkuta Elibariki sebuleni. Mama alimwandalia nafasi. Nililiona hilo kwa macho yangu: aliomba wengine wote watoke, aliketi karibu naye, alimshika goti, alimuuliza habari za utoto wao, siku ile Godlisten alipoanguka mtoni na kaka yake akamtoa. Elibariki alisimulia vizuri sana, akacheka mahali pa kucheka. Alipofika mwisho wa hadithi Mama aliuacha mkono kwenye goti lake akimngoja, na mimi niliyekuwa chumba cha pili nikiwatazama kupitia upenyo wa pazia nikangoja pamoja naye. Kisha akasema, "Mama, kalale, umechoka."

Uwanja wa ndege nilikwenda kwa nauli yangu, nikasimama mbali kidogo. Elibariki alimbebea mama begi mpaka kwenye mstari. Alimwambia, nami nilisikia, "Godi atakupigia Krismasi." Mama alimwekea mkono shavuni. Alikaa hivyo muda mrefu, watu wanawapita na mabegi yao ya magurudumu, msichana wa shirika anawaashiria wasogee. Mimi nilikuwa namwomba Mungu ampe yule mwanaume neno moja tu. Mama akaushusha mkono, akaingia. Hakugeuka nyuma.

Mimi niliondoka Guangzhou mwezi uliofuata, kibali kilipoisha. Da Mwanaidi hakuja kuniaga, na sijui kama yu hai. Nimewahi kusikia kwamba mamlaka zilifunga nyumba nyingi kama ile yake miaka iliyofuata, kwa hiyo nyumba waliyoiokoa kwa kumkana Godlisten huenda haikudumu hata. Sikupata furaha niliyodhani ningeipata niliposikia.

Nilimwona Mama mara moja tu tena, miaka kadhaa baadaye, nilipopelekwa Moshi kutafsiri kwenye mkutano. Nilipanda Machame nikamkuta kwenye jiko lake la nje, miguu imevimba, macho yamefifia. Alinitambua kwa sauti. Alinipikia ndizi kwa nyama, akakataa nimsaidie hata kumenya. Tulipomaliza kula nilimuuliza, kwa sababu nisingeweza kuondoka bila kuuliza, kama Elibariki alikuwa ameshamwambia.

"Bado," alisema. "Huwa anakuja mwisho wa mwezi. Ananijengea choo cha ndani, umekiona? Namtengea chai, nawafukuza wajukuu, nakaa naye. Anaongea mambo ya barabara, mambo ya kanisa. Krismasi huniambia Godi amesalimia. Nami huitikia, nasema mwambie na mimi namsalimu." Alikusanya maganda ya ndizi taratibu kwenye ungo. "Sasa nimezeeka, Sekela. Nataka wewe uniambie kimoja. Nimesikia kule wafu huchomwa. Mahali wanapowachomea kule Guangzhou, unapajua?"

Nilipajua. Nilikuwa nimepatafuta kabla ya kuondoka, nikasimama nje ya geti lake, mlinzi akaniuliza nimemfuata nani, nikageuka nikaondoka. Nikamwambia kwamba pako upande wa mashariki wa mji, kwenye mtelemko wenye miti, na barabara kubwa inapita mbele yake.

"Mimi na wewe tuliwahi kupita hapo?"

"Tulipita, Mama. Siku ile tulipopanda basi kwenda bustani ya mimea. Sikuwa najua bado."

Aliacha kukusanya maganda. "Na mimi nilikuwa nimelala? Huwa nalala kwenye basi."

"Hapana, Mama. Ulikuwa dirishani. Ulikuwa macho, unatazama nje."

Alifikiri kidogo, akijaribu kukumbuka, kisha akatikisa kichwa. "Sipakumbuki," alisema. "Niliona miti tu."